Mlango wa Nyuma wa Kibodi Ndogo

Nyinyi vijana mkipewa laptop mpya mnafanya nini kwanza? Mnaifungua, mnasifu rangi, mnapiga nayo picha. Mimi nikipewa laptop naihesabu. Naweka kidole gumba kwenye kile kitufe kirefu cha chini, kisha natembea nacho polepole, kushoto, juu, kulia, mpaka ukingoni kabisa. Sijauliza bado inawashwa wapi. Mimi ni kipofu tangu surua iliponipitia nikiwa na miaka minne kule Kitui, na kibodi ndiyo imenilisha, imenioza mke na kunisomeshea watoto. Nikikuta kitufe kimehamishwa nakasirika kama mtu aliyeenda kazini akarudi akakuta mlango wa nyumba yake umepelekwa upande wa pili.

Jina langu ni Mutua. Nilistaafu mwaka jana. Kabla ya hapo nilifundisha vijana wasioona kutumia kompyuta, kwenye chumba cha mabati nyuma ya kanisa, hapa Laini Saba, hatua chache kutoka reli. Na kabla ya hapo nilikuwa opereta wa simu hotelini mjini. Wengi mnaniuliza kama kazi hizo za kukaa hazikuwa za kuchosha. Kuchosha! Nawaambieni, siku niliyoruka zaidi maishani mwangu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya watu, sigusi kitu, nasikiliza tu. Tutafika huko.

Kwa wasiojua, kipofu hutumia kompyuta kwa masikio. Kuna programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini. Darasani kwetu tuliiita Shangazi, kwa sababu ina sauti ya kike na haijui kunyamaza. Lakini Shangazi ana adabu zake. Ukitaka akwambie uko kwenye dirisha gani, au akusomee mstari wote, au aongeze kasi, lazima ushikilie kitufe kimoja maalum huku ukibonyeza kingine. Kwenye kibodi kubwa za zamani kitufe hicho ni Insert. Ni hodi yenyewe: hukubisha, hukaribishwi.

Upande wa kulia wa kibodi hizo kulikuwa na uwanja wa namba. Ah, uwanja ule! Saba, nane na tisa zilikutembeza mstari kwa mstari. Nne, tano na sita neno kwa neno. Moja, mbili na tatu herufi kwa herufi. Sifuri nayo, ukizima namba, ilikuwa Insert nyingine. Mkono wako wa kulia ulikaa pale kama mzee kwenye kiti chake, na ungesoma barua ya kurasa kumi bila kusogea.

Halafu zikaja laptop ndogo. Mwanafunzi wa kwanza aliponiletea, niliihesabu nikafika ukingoni nikashangaa. Niliihesabu tena. Uwanja wa namba ulikuwa umekatwa wote. Insert nayo nilikuja kuikuta imebanwa kwenye kitufe kimoja na Delete, na ili uipate lazima kwanza ushike kingine kinachoitwa Fn. Vidole vitatu kwa hodi moja! Nikaapa kwamba hicho ni kitu cha kuchezea watoto, na darasani kwangu hakitafundishiwa mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nililivalisha watu shingoni.

Kando ya reli kulikuwa na fundi aliyeuza vipande vya kompyuta zilizokufa. Kwake nilipata vibodi vidogo vya namba peke yake, vya ukubwa wa kiganja, vyenye waya wa kuchomeka. Nilifurahi nikapiga makofi pale pale kati ya wapita njia. Unachomeka kwenye laptop yoyote, uwanja umerudi, Insert imerudi, maisha yanaendelea! Mke wangu akavishonea vifuko vya kitenge vyenye kamba. Ikawa ndiyo desturi yetu: mwanafunzi akimaliza masomo, tunaimba, tunaomba, halafu namvalisha kifuko chake shingoni. Mtaani watu walikuwa wakiona kifuko wanasema, huyo ni wa Mwalimu Mutua. Nilitembea kifua mbele, nisiwafiche.

Akinyi nilimvalisha chake mwezi wa pili. Huyu alikuwa msichana wa mtaa jirani wa Raila, wa miaka ishirini na mbili, mwenye sauti tulivu na ulimi mkali. Mama yake alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, na Akinyi alikuwa akimsaidia kupima kwa kopo. Alinifuata baada ya kanisa siku moja akanishika mkono.

"Mwalimu, kuna kazi Kawangware. Kliniki. Wanataka mtu wa mapokezi, kushika simu na kuandikisha wagonjwa. Nimeitwa test."

"Basi umeipata," nikamwambia. "Nani atakushinda wewe?"

"Usiongee hivyo. Anko amesema nikikosa hii, nirudi ushago, kijijini. Anasema Nairobi mtu haoni ni wa kukaa tu, na kukaa anaweza kukaa hata huko bure."

Nilicheka nikamgonga kile kifuko kwa kidole. "Na hiki je? Hiki ni cha nini?"

Alirudi siku ya test saa nane mchana. Nilimjua kwa hatua zake mlangoni, lakini hakunisalimu, si niaje si sasa. Alivua kifuko akakiweka mezani mbele yangu.

"Mwalimu, hii kitu yako imekataliwa."

"Imekataliwa na nani?"

"Madam wa huko. Anasema hakuna kuchomeka kitu chochote kwa mashine ya ofisi. Eti kuna mtu alikuja na flash, ikawaletea virusi, faili za wagonjwa zikapotea. Hata earphone hawataki. Na mashine yenyewe ni ka-laptop kadogo hivi, juu ya vile kaunta yao ni ndogo."

"Na Insert?"

"Insert ndiyo ilinimaliza. Nimeitafuta mpaka jasho."

"Si ungeuliza!"

"Niliuliza! Madam akaitafuta na macho yake mawili, akakosa. Tukawa vipofu wawili hapo." Akavuta kiti akakaa. "Shangazi walikuwa wamempakia wenyewe, lakini alikuwa anaongea polepole kama anatangaza matanga. Nikawa nasogea na mishale tu, siwezi kumuuliza tuko wapi. Nusu saa. Wakaniambia asante, tutakupigia. Mwalimu, umenifundisha kutembea na fimbo, halafu nimefika mahali fimbo inaachwa mlangoni."

Nilijitetea. Nilisema hao watu wana ushamba, nikasema sheria gani hiyo, nikapandisha sauti. Akinyi alingoja nimalize, kisha akasema kwaheri na akaenda. Ndipo nilipobaki na kile kifuko mkononi nikaona aibu, aibu ya kweli, ile ya kushuka mpaka magotini. Kliniki haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeogopa kujifunza upya nikiwa na mvi, nikaita woga wangu msimamo.

Nilimkumbuka Bi. Nzisa. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi ya simu, mama wa Machakos, naye hakuona kama mimi. Alikuwa na rula. Nilipokuwa mgeni kwenye taipureta, kidole kikipotea nilikuwa naparamia vitufe ovyo, nikitafuta, na rula ingenishukia. "Mkono ukipotea usitafute huko mbele," angesema. "Rudi nyumbani, kisha uondoke tena." Nyumbani ni pale vidole viwili vya shahada vinapokaa, juu ya F na J, penye vile vinundu vidogo ambavyo nyinyi mnaoona hamjawahi kuvigusa kwa makusudi. Nenda kaviguse leo. Vimewekwa kwa ajili yenu pia.

Jumatatu iliyofuata nilimtuma mtu amwite Akinyi. Alikuja, akasimama mlangoni.

"Nimekosea," nikamwambia. "Nimekukosea wewe, na nimewakosea wote waliovaa hivi vifuko. Kaa tujifunze."

"Tujifunze? Wewe na mimi?"

"Mimi na wewe. Na nadhani wewe utanishinda."

Tulichukua laptop ndogo ya darasa, ile niliyoidharau. Kwanza nilichukua kisu cha mkate nikang'oa kabisa kile kitufe cha Insert na Delete. Akinyi aliposikia kinaruka na kuanguka sakafuni alipiga kelele, "Mwalimu umekuwa mwendawazimu!" Nilitaka tusiwe na pa kukimbilia. Na wala hatukuhitaji pa kukimbilia, kwa sababu kumbe dawa ilikuwa ndani ya Shangazi miaka yote hiyo! Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kibodi. Pale unachagua mpangilio wa laptop badala ya ule wa mezani, na unamruhusu Caps Lock awe ndiye mbisha hodi. Caps Lock! Kitufe kikubwa, kipana, kilichokaa karibu kabisa na kidole kidogo cha kushoto, na katika laptop zote nilizohesabu tangu siku hiyo sijakuta hata moja iliyokificha. Mstari unausoma kwa Caps Lock na L. Kuendelea kusoma mpaka mwisho, Caps Lock na A. Mkono hauondoki nyumbani. Nilisimama nikazunguka meza nikiimba, na Akinyi akanifokea nikae.

Msidhani vidole vililainika kwa siku moja. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unaenda kwenye uwanja usiokuwepo, unagonga meza tupu. Na Caps Lock ana tabia yake: ukimbonyeza mara mbili haraka, anarudia kazi yake ya zamani ya herufi kubwa. Mimi nina kidole cha haraka. Wiki hiyo nilimwandikia mchungaji ujumbe wa kumwomba tuongezewe saa moja ya chumba. Alinipigia simu kabla sijaweka kiti sawa.

"Mwalimu Mutua, amani. Kuna ubaya gani nimekufanyia?"

"Hakuna, mchungaji. Kwa nini?"

"Mbona umeniandikia ukinifokea hivi? Herufi zote kubwa, mwanzo mpaka mwisho!"

Akinyi alicheka mpaka akashika meza. Na saa tuliongezewa, nadhani kwa hofu.

Kosa lingine nililifanya na gundi. Nilifikiri nitasaidia vidole kwa kuweka tone la gundi juu ya vitufe muhimu, likauke liwe kinundu. Nikaanza na Caps Lock, nikaongeza Fn, nikaongeza mishale, nikanogewa, nikamaliza kichupa. Asubuhi Akinyi akapitisha kiganja juu ya kibodi akaniuliza kama ni laptop au ni mgongo wa mamba. Alama zikiwa kila mahali, hakuna alama tena. Wekeni mbili, tatu basi. Na kama una kitufe usichokitumia kamwe, kama Ctrl ya kulia, kuna programu ndogo za kukigeuza kiwe Insert, nazo ni nzuri kwa mashine yako mwenyewe. Vile vibodi vya namba pia sijavitupa, vina raha yake nyumbani. Lakini mashine ya mwajiri haijui gundi yako wala programu zako. Huko unaenda na vidole vyako tu.

Swali likabaki moja, na Akinyi ndiye aliyeliuliza. "Sawa, hapa tumeshabadilisha mipangilio. Huko kwao haijabadilishwa. Nitaingiaje kubadilisha kama hodi yenyewe ni Insert na Insert sijui iko wapi?"

Hilo lilitushika siku mbili. Tulirudisha mipangilio ya zamani, tukajifungia nje wenyewe, tukaanza kutafuta pa kuingilia. Akinyi ndiye aliyeupata mlango. Unashika kitufe cha Windows pamoja na B. Kinakupeleka kwenye ile kona ya skrini ambako programu zinazofanya kazi chinichini zimejikunyata. Unatembea kwa mishale mpaka usikie jina la Shangazi mwenyewe, unabonyeza Enter, na orodha yake inafunguka bila Insert hata kidogo! Mlango wa nyuma! Tuliufanyia mazoezi mara hamsini, mara mia. Treni ilipopita na chumba kutetemeka na sauti ya Shangazi kumezwa kabisa, nilimwambia asisimame. Ile ilikuwa sheria yangu ya zamani darasani: treni ikipita, mikono inaendelea. Hesabu mishale kichwani.

Basi mwezi wa sita simu ikamlilia. Yule waliyemwajiri kliniki alikuwa ameondoka. Madam mwenyewe ndiye aliyepiga, akasema anakumbuka sauti yake na jinsi alivyokubali kushindwa bila kusingizia, na kama anataka aje tena. Mashine ni ile ile. Sheria ni zile zile. Mjomba wake naye alikuwa ameshatuma nauli ya kurudi nyumbani.

Nilimsindikiza. Wakaniweka kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mtoto anayekohoa na mama mmoja aliyekuwa akiniuliza ninaumwa wapi. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Na kwa kuwa walikataza earphone, sauti ya laptop ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mnaelewa? Kliniki nzima ilikuwa ikisikia, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikielewa!

Nilimsikia Shangazi akianza, polepole, kwa ile sauti yake ya matanga. Kisha kimya. Nilijua Akinyi anaihesabu, kidole gumba kinatembea. Kimya kikaendelea. Shangazi akataja dirisha ambalo si lenyewe. Akataja lingine. Nilijua mkono umepotea, anaparamia. Nilishika magoti yangu nikasema kwa sauti ndogo, "Rudi nyumbani. Rudi nyumbani, mama." Yule mama wa benchi akaniambia pole, nitarudi tu, wataniona sasa hivi.

Kimya tena. Halafu nikasikia Shangazi akitaja saa, akataja betri, akataja mtandao. Ile ni kona! Yuko kwenye kona! Na hapo hapo, nje barabarani, ikapita gari la spika kubwa: "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni, viroboto, wote wanakufa!" Likasimama mbele ya kliniki kabisa. Sikusikia tena kitu. Nilitamani kutoka nikalisukume kwa mabega yangu. Dawa ya panya, dawa ya mende, likazunguka maneno yake mara tatu, mara nne, huku nimekaza meno. Likaondoka.

Na nilichosikia baada ya hapo, wanangu, ni Shangazi akisema, "Caps Lock." Kisha akaanza kuongeza kasi. Kila neno likawa la haraka kuliko lililotangulia, hatua kwa hatua, mpaka ikawa ile kasi yetu ya Laini Saba ambayo mtu asiyeijua husikia mlio tu kama mafuta yakikaanga. Nilisimama. Nilisimama katikati ya wagonjwa nikainua mikono miwili juu kama niko uwanjani, na mtoto akaacha kukohoa.

"Ngoja," nikamsikia Madam upande wa pili. "Hiyo mashine inasema nini? Mimi sijashika hata neno moja."

"Si lazima ushike, Madam," Akinyi akasema. "Nimeshika mimi. Mgonjwa wa tatu kwa hii list, namba yake ya simu imekosa tarakimu moja. Mlikuwa mnampigia aje?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha Madam akacheka, kicheko cha mtu aliyepatikana. "Ndiyo maana huyo hajawahi kushika simu," akasema.

Akinyi alitoka akipapasa ukuta, akaufikia mkono wangu akaushika. 

"Mwalimu. Jumatatu naanza."

 Nililia pale pale, na yule mama wa benchi akawaambia watu kwamba baba wa watu amepewa majibu mabaya.

Mwisho wa mwezi huo niliwakabidhi vijana chumba nikastaafu, nikiwa nimewaita wote wenye vifuko nikawafundisha mlango wa nyuma mmoja mmoja. Lakini ile Jumatatu yenyewe, saa mbili na nusu asubuhi, nilikaa kwenye laptop yangu ndogo nikabonyeza Caps Lock mara mbili, haraka, kwa makusudi, nikamwandikia: AKINYI MWANANGU, HONGERA. HONGERA SANA.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. "Mwalimu umesahau tena, Caps Lock imewaka. Unanifokea kazini."

Nikamwandikia: SIJASAHAU.